Kando ya Kitanda cha Mzazi

Wiki hii tutayaweka kando mas-ala ya mirathi tuliyokuwa tukiyaeleza, tutayarejelea inshallah. Nimeombwa niandike juu ya kina mama wanaojitolea kukaa na wenzao katika wadi ya kujifungulia. Nimekubali, lakini siwezi kuyaandika hayo bila ya kwanza kueleza jambo ambalo kwa muda mrefu nilikuwa nalificha.

Usiku mmoja wa masika, miaka kadhaa iliyopita, simu yangu ililia baada ya sala ya Isha. Mzee mmoja wa Kiorma, mtu ninayemheshimu sana, aliniomba nimfuate hospitalini. Mkaza mwanawe alikuwa amevushwa mto kwa mtumbwi, kisha akabebwa kwa bodaboda katika tope, amekalishwa baina ya dereva na mama mkwe ili asianguke. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Daktari wa zamu alikuwa amekwisha kusema kwamba mtoto hawezi kupita na kwamba lazima mama apasuliwe. Mumewe alikuwa malishoni na ng'ombe, simu yake haipatikani. Mzee alikuwa na swali moja tu.

"Sheikh, yajuzu mwanamke kupasuliwa na daktari mwanamume bila ya mumewe kujua?"

Jibu nilikuwa nalo. Nililisoma nikiwa kijana, nikalifundisha nikiwa mtu mzima. Lakini niliwatazama wazee waliokaa kwenye benchi, nikaona wanataka kusikia jambo jingine, nikasema, "Ngojeni kidogo, huenda akapatikana." Basi tukangoja. Alipatikana karibu na alfajiri, akakubali papo hapo, tena akatuuliza tulikuwa tukingoja nini.

Mama aliokoka. Mtoto, mwanamume, alitolewa akiwa amekwisha kufa. Tulimwosha, tukamkafini, na kwa kuwa hakulia wala hakuonyesha dalili ya uhai, katika madhhab yetu ya Shafii hakuswaliwa. Tulimzika kabla ya adhuhuri. Hospitali siitaji, kwani kosa la usiku ule halikuwa la hospitali.

Mke wangu alikwenda kumtazama yule binti siku ya tatu, akamchukua mwanamke anayejua Kiorma. Aliporudi hakunilaumu, ila alinisimulia. Maji yalikuwa yametoka tangu siku mbili kabla ya kuletwa, na hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyemwuliza kwa lugha anayoifahamu. Muuguzi alikuwa msichana wa bara, mpole, ana wazazi wengine wanne mikononi mwake usiku ule, na Kiswahili chake hakikumfikia binti ambaye hakujua ila Kiorma. Mama mkwe alizuiliwa mlangoni. Binti alilia peke yake mpaka sauti ikamkauka. Baadaye ilidhihirika kwamba amepata fistula: kichwa cha mtoto kikibana muda mrefu, nyama iliyo baina ya njia ya uzazi na kibofu hufa na kutoboka, na mkojo ukawa unatoka bila ya hiari. Ni maradhi yanayotibika kwa upasuaji, naye alitibiwa, alhamdulillahi. Lakini kabla ya hapo alikuwa amekwisha kujitenga na watu, hata harusini haendi, kwa kuona haya.

"Laiti angekuwako mwanamke mmoja tu ndani," alisema mke wangu, "mmoja wa kumshika mkono na kumwambia sista kwamba maji yametoka tangu juzi."

Hapo ndipo lilipoanzia jambo hili. Kina mama tisa wa darsa ya Alhamisi walikwenda kumwona muuguzi mkuu, wakaomba wapewe nafasi ya kukaa na wenye uchungu wasio na mtu. Muuguzi mkuu alisita, na alikuwa na haki ya kusita. Aliwafundisha muda wa siku tatu kabla ya kuwaruhusu kuvuka mlango, na siku ya kwanza yote ilikuwa ni juu ya kuosha mikono.

Wasomaji wengine wataona kazi hii ni ndogo. Kumshika mtu mkono ndiyo kazi? Mwaka 1980 madaktari walichapisha matokeo ya uchunguzi walioufanya katika hospitali moja ya Guatemala, Amerika ya Kati, hospitali yenye wazazi wengi na wauguzi wachache kama zetu. Wanawake wenye mimba ya kwanza waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja waliachwa na utaratibu wa kawaida wa wadi, na fungu la pili kila mmoja aliwekewa mwanamke wa kukaa naye, kumsugua mgongo na kuzungumza naye. Wanawake hao waliokaa nao hawakuwa na elimu yoyote ya utabibu. Walioachwa peke yao walikaa na uchungu wastani wa saa 19, na waliokuwa na mwenzao karibu saa 9. Tangu hapo uchunguzi wa namna hiyo umerudiwa katika nchi nyingi. Mwaka 2017 wataalamu waliukusanya pamoja, jumla yake wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17, wakakuta kwamba mwenye mtu wa kudumu kando yake huelekea zaidi kuzaa kwa njia ya kawaida, hupasuliwa kwa uchache, na uchungu wake huwa mfupi. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, limependekeza kila mzazi awe na mwenzake anayemchagua mwenyewe.

Mimi niliposomewa habari hizo niliikumbuka Sura ya Maryam. Bibi Maryam (A.S.) alipofikwa na uchungu alikuwa peke yake chini ya mtende, mbali na watu wake, na dhiki ikamfikisha mahali pa kutamani kwamba afadhali angekuwa amekufa zamani. Tazama mpangilio wa yale aliyopewa na Mola wake. La kwanza lilikuwa ni sauti ya kumliwaza, kumwondolea huzuni. Kisha akaonyeshwa maji. Kisha akaambiwa autikise mtende, apate tende. Nimeifasiri sura hii msikitini miaka mingi, na daima nilikuwa nikiharakia kufika kwenye muujiza wa mtoto kusema mlezini. Wale kina mama ndio walionisimamisha hapo chini ya mtende, kwani ndiyo kazi yao wanayoifanya: neno, maji, na kitu kitamu cha kutia mdomoni.

Mzazi akifika, mmoja wao humpokea na kumwuliza kwa lugha yake, Kiorma, Kipokomo au Kiswahili cha Kipini, na majibu humfikishia muuguzi: uchungu ulianza lini, maji yametoka lini, mimba ya ngapi, je, alipata kupasuliwa. Humtembeza baina ya vitanda, humsugua kiuno, humpa maji na chai ya tangawizi kwa ruhusa ya muuguzi, humbadilisha leso iliyorowa. Akizaa, humsaidia kumweka mtoto kifuani na kumnyonyesha mapema. Kisha hukaa tena, na hapa ndipo muuguzi mkuu alipotilia mkazo sana, kwa sababu mama wengi hutoka roho baada ya furaha, si kabla yake. Damu ndiyo inayoua zaidi. Muuguzi ana vitanda vingi, hawezi kumtazama mmoja kila dakika. Aliyekaa kando ndiye anayeona leso imejaa damu, au mzazi anasema kichwa chauma na macho yanaona giza, au ameanza kutetemeka kwa homa, akaita. Hafanyi zaidi ya kuita. Hapimi, haingizi mkono, hakati kitovu, hampi mzazi dawa yoyote, hata iwe ni mitishamba aliyorithi kwa bibi yake.

Mmoja katika wale tisa alikuwa mkunga wa jadi, mwanamke aliyezalisha nusu ya watu wa kijiji chake, nami namwona ndiye aliyetoa sadaka kubwa kupita wote. Kukaa ukaitazama kazi unayoijua ikifanywa na msichana aliye na umri wa mjukuu wako, ukanyamaza, si jambo dogo. Alipoulizwa akasema kwamba wawili walimfia mikononi kwa damu, na kwamba tangu hapo hakupata usingizi mzuri.

Vijana wa Ulaya na Marekani nao hulipa nauli na ada kubwa waje wajitolee katika wadi za nchi zetu. Wengine ni wanafunzi wa uuguzi na utabibu, wanasimamiwa, na msaada wao ni wa kushukuriwa. Wengine hawana elimu hiyo, na huachiwa wapokee watoto kwa mikono yao kwa sababu tu wametoka mbali. Nia yao siipimi, Mola ndiye ajuaye nia. Lakini mimi sioni kwa nini mwanamke wetu awe mahali pa mtu kujifunzia kwa wiki mbili, hali jirani yake anayejua lugha yake, na atakayekuwako hata mwakani, hajaitwa.

Sasa nilitoe lile jibu nililolizuia usiku ule, kwani najua ziko nyumba zitakazolihitaji. Mwanamke mtu mzima mwenye akili timamu ndiye mwenye kutoa ridhaa juu ya mwili wake. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 yaitaka ridhaa ya mgonjwa mwenyewe, na pale ambapo kuchelewa kwaweza kumwua, tiba haingojei mtu. Nayo sheria ya Mwenyezi Mungu haikutangulia kumdhulumu. Wanazuoni wa madhhab yetu wamemruhusu mke kutoka nyumbani bila ya idhini penye dharura, mfano nyumba ikitaka kumwangukia; basi je, penye kifo? Juu ya daktari mwanamume, Baraza la Fiq-hi la Kiislamu lilipokutana Brunei mwaka 1993 lilipanga daraja: atafutwe kwanza daktari mwanamke Mwislamu, kisha mwanamke asiyekuwa Mwislamu, kisha mwanamume Mwislamu, kisha mwanamume asiyekuwa Mwislamu, na asitazame ila kiasi kinachohitajika kwa tiba. Daraja hiyo ni ya kufuatwa penye nafasi ya kuchagua. Hairuhusu mtu kumwacha mzazi afe akimngojea daktari mwanamke ambaye hayuko Garsen wala Hola. Fuqahaa wetu wameruhusu hata tumbo la mama aliyekwisha kufa lipasuliwe ili atolewe mtoto aliye hai. Basi yule aliye hai pamoja na mwanawe ana haki kubwa zaidi.

Na enyi waume, mkumbukeni Sayyidna Uthman (R.A.). Mtume (S.A.W.) alipotoka kwenda Badri, vita vilivyo vitukufu kupita vyote, alimwamuru Uthman abaki Madina amwuguze mkewe, Bibi Ruqayya (R.A.), binti yake Mtume. Habari ya ushindi ilifika Madina Bibi Ruqayya akiwa amekwisha kufariki. Na Uthman alipewa fungu lake la ngawira na ahadi ya thawabu kama waliopigana. Mwenye mke wa miezi minane na akaona hana budi kwenda malishoni au baharini, na aache nyuma simu inayopatikana na neno lililo wazi mbele ya mashahidi kwamba asingojewe.

Wataalamu husema kwamba mzazi huuawa na ucheleweshaji wa namna tatu: wa kuamua, wa kufika, na wa kuhudumiwa akishafika. Wa kwanza ni wetu wanaume, nimekwisha kuusema. Wa pili ni wa mto. Tunaujua Tana, ni rizki yetu na ni mtihani wetu. Mafuriko ya Novemba 2023 yalitukata, na ya Aprili na Mei 2024 yakatukata tena; barabara ya kwenda Lamu ikafunikwa na maji Gamba na Lango la Simba, na vijiji vikabaki kama visiwa. Mwenye mimba kubwa wakati wa masika asingoje uchungu ndipo avushwe. Na avuke mapema, akae kwa jamaa upande wa hospitali. Kina mama hawa wamewahi kupokea wazazi majumbani mwao kwa namna hiyo, mmoja alikaa kwa mwenyeji wake siku 26 na mpaka leo wanaitana mtu na dada yake. Tena ajiandikishe na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, na kitambulisho kiwe ndani ya mkoba pamoja na leso za mtoto. Nimeona watu wakikimbizana na karatasi saa tisa za usiku.

Wa tatu wahusu wingi wa wauguzi, na hapo nina neno la kusema nasi wenyewe. Imamu Ghazali katika Ihyaa Ulumi-ddin aliuhesabu utabibu kuwa ni fardhi kifaya, akawalaumu watu wa zama zake: mji mzima hauna tabibu Mwislamu, na hali watu wanasongamana katika elimu ya fiq-hi. Ni zaidi ya miaka 900 tangu aseme hayo. Leo tunalalamika kwamba binti zetu wanahudumiwa na wanaume na wageni, lakini diploma ya uuguzi katika vyuo vya KMTC yahitaji wastani wa C katika mtihani wa kidato cha nne, na ni wasichana wangapi wa Kiorma, Kiwardei na Kipokomo tunaowaacha wafike hicho kidato cha nne kabla ya kuwaoza? Anayetaka binti yake ahudumiwe na mwanamke, na amsomeshe binti yake mwingine.

Liko na jingine, zito kulitamka katika jarida la nyumbani, lakini kina mama wa wadi wameniomba nisilipite. Wasichana wetu wengi bado wanakatwa na kushonwa. Sheria ya mwaka 2011 imelipiga marufuku, na dini haikuamrisha kushona. Wanaolifanya wamerithi mila wakaipa jina la dini. Kovu lile halivutiki. Mzazi huchanika, damu hutoka kwa wingi, na mtoto hukwama. Mmoja wao aliniambia, "Sheikh, nyinyi mnaliona neno. Sisi tunaliona likifunguka." Sikuwa na la kumjibu.

Wala msidhani kina mama hawa wamebuni jipya. Msikiti wa Mtume (S.A.W.) wenyewe ulikuwa na hema la Bibi Rufayda wa kabila la Aslam, aliyekuwa akiwatibu majeruhi, na humo ndimo alimolazwa Saad bin Muadh (R.A.). Na Bibi Salma (R.A.), mkewe Abu Rafii, ndiye aliyekuwa mkunga wa nyumba ya Mtume, yeye ndiye aliyempokea Ibrahim, mwana wa Mtume kwa Bibi Maria. Huyo Abu Rafii ndiye aliyepokea hadithi ya Mtume kumwadhinia Hasan sikioni alipozaliwa. Wanazuoni wana maneno juu ya nguvu ya isnadi yake, lakini nimependa kwamba hadithi ya adhana ya mtoto imetufikia kutoka katika nyumba ya mkunga.

Wametaja sharti mbili kwa anayetaka kujiunga. Ya kwanza ni ulimi. Ndani ya wadi huonekana yasiyoonekana kwingine: nani amezaa bila ya ndoa, nani ana maradhi gani, nani alimtukana mumewe kwa uchungu. Anayetoka nayo hayo akayapeleka kisimani au harusini, hata kwa mafumbo, ameifuta kazi yake yote kwa ghiba, na tayari mmoja amekwisha kuambiwa asirudi. Ya pili ni kutokuchagua mzazi. Hatujasahau mwaka 2012, Riketa na Kilelengwani na Kipao, Wapokomo na Waorma zaidi ya mia moja waliouawa kwa kugombea maji na malisho, na miongoni mwao watoto. Nilipata kusimuliwa na muuguzi kwamba kwa miaka kadhaa baadaye wazazi wa pande mbili wakiwekwa vitanda jirani, waligeuziana migongo hata katika uchungu. Sasa kina mama wawili wa Kipokomo wa kanisani wamejiunga na wale tisa. Huyu wa Kipokomo humkalia Muorma, na huyu wa Kiorma humkalia Mpokomo, kwa zamu iliyopo. Sikuwaambia wafanye hivyo. Niliwakuta wamekwisha kufanya.

Yule binti wa usiku ule amezaa tena, mwaka uliopita, kwa upasuaji uliopangwa mapema kama inavyotakiwa kwa aliyewahi kutibiwa fistula. Mumewe alikuwa nje kwenye benchi tangu asubuhi. Mke wangu ndiye aliyekuwa zamu. Mimi niliitwa kumwadhinia mtoto, msichana, nikamkuta mama yake yu macho, akanitazama. Nilimwomba radhi kwa lile la kwanza, kwa Kiorma changu kibovu. Alicheka kidogo kwa matamshi yangu, kisha akaniashiria niadhini.

Zamu zilizo wazi hivi sasa ni usiku wa Jumanne na usiku wa Jumamosi. Jumanne anahitajika ajuaye Kiorma. Wanahitaji pia chupa mbili za chai, leso safi hata kama ni kuukuu, na mwenye gari aliye tayari kuamshwa. Aulize kwa kina mama wa darsa ya Alhamisi, baada ya sala ya Alasiri.